Mkono wa Nakijwa

Aliyeshuka kwenye gari la waya, lile linaloning'inia juu ya bonde, asubuhi ile, kituo cha Usangi, alikuwa mwanamke mmoja tu, na Navoneiwa Mbwambo alimtambua kwa mwendo kabla ukungu haujamwonyesha uso wake. Bi Kayitesi wa Mfuko wa Ngano, shirika la kufadhili filamu za hadithi za kale, alitembea vile vile alivyotembea siku zote, ameinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza jambo la chini ya ardhi. Walikumbatiana. Juu yao nyavu za kunasa ukungu zilikuwa zimelowa tepetepe, na maji yalisikika yakiteremka mabombani kuelekea migombani.

Bi Kayitesi alikuwa ametoka Kigali kwa ajili ya kiapo. Filamu ya katuni ambayo Navoneiwa aliiongoza na mwenzake Nakijwa akaichora ilikuwa imekamilika, mfuko uliokuwa umewasaidia tangu mwanzo ulikuwa umeipokea, na kilichobaki ni mchoraji kukaa mbele ya shahidi na kusema kwa kinywa chake kwamba picha zile ni zake.

"Nimeitazama tena jana," alisema walipokuwa wakipanda njia ya mawe. "Ile sehemu ya mwisho, bibi kizee pale mtoni. Nimewasimamia wanawake wengi katika kazi hii, Mama Navoneiwa. Sijawahi kuona mstari unaopumua vile."

Navoneiwa alishukuru, kisha akaomba ambebee mkoba, na mgeni alipokataa akauchukua hivyo hivyo, apate kitu cha kushika.

Sehemu ya mwisho ndiyo ambayo Nakijwa hakuichora.

*

Navoneiwa na Nakijwa Mshana walianza kutengeneza picha pamoja wakiwa sekondari ya wasichana, kwenye pembe za madaftari. Nakijwa alichora kinyonga kwenye kona ya kila ukurasa wa daftari la kemia, akimsogeza mguu kidogo kila ukurasa. Navoneiwa alizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, na kinyonga akatembea. Mwalimu alilinyakua daftari, akawaita mbele, akalipeperusha mwenyewe, tena na tena, hadi darasa zima likacheka, ndipo akakumbuka kwamba alikusudia kuwaadhibu.

Filamu yao ya kwanza waliitengeneza jikoni kwa mama yake Nakijwa, kwa mchanga uliomwagwa juu ya kioo, taa chini, simu imefungwa kwenye ngazi. Makande yalichemka pembeni, mvuke ukatia ukungu kioo, na mama mtu akawaambia wachague kati ya sinema na chakula. Walichagua sinema, na bado akawapakulia. Tangu siku hizo mgawanyo wa kazi haukubadilika. Nakijwa alijua mstari. Navoneiwa, ambaye hata yai hakuweza kulichora likaeleweka, alijua kinachofuata. Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji, ingawa miaka mingi hakuna aliyemwita hivyo. Kila studio waliyobisha hodi iliwasifu, kisha ikawaomba waigize sauti za sungura. Wakaishia kutengeneza vibonzo vya zahanati na mabango ya maduka ya dawa.

Kisha zikaja mashine. Zilitoa filamu kama bomba linavyotoa maji, kila mtoto akiletewa yake, iliyokatwa kwa kipimo cha furaha yake mwenyewe, hadi ikawa hakuna watoto wawili mtaani waliowahi kuona hadithi moja. Wazazi waliuliza nani anawasimulia watoto wao, na jibu likakosekana. Ndipo nchi moja baada ya nyingine ikapitisha Sheria ya Kujibia: filamu yoyote itakayoonyeshwa hadharani lazima kila picha yake iwe na mtu aliye hai wa kusema, "Hii ni yangu." Mashine haikukatazwa kusaidia. Ilikatazwa kubaki peke yake.

Mfuko wa Ngano ulianzishwa miaka hiyo, kuwasaidia wanawake wanaoongoza filamu za katuni zinazotokana na visa vya kale vya mataifa ya dunia. Waasisi walisema visa hivyo vilitunzwa na vinywa vya mama na bibi zetu, lakini vilipofika kwenye kioo waliopewa kuviongoza walikuwa wengine. Navoneiwa na Nakijwa walikwenda Kigali kwenye mkutano wa kwanza wakiwa na nywele zilizokwisha kuota mvi. Kwenye ukumbi ule walikuta wanawake wa kila bara, na jambo lililowashangaza ni kwamba kila mmoja alikuja na kisa cha namna kifo kilivyoingia duniani. Wao walikuwa na kinyonga, aliyetumwa kuwapelekea watu habari ya uzima akachelewa njiani. Mama mmoja wa visiwa vya Pasifiki alikuwa na kisa cha bibi kizee aliyeshuka mtoni akajivua ngozi yake kuukuu, akarudi nyumbani kijana, na mtoto wake akalia akimkataa, kwa sababu hakuwa mama aliyemjua.

Nakijwa aliposikia hicho cha pili alimshika Navoneiwa mkono chini ya meza. Hapo hapo wakajua filamu yao itakuwa ipi: itaanza na kinyonga na kuishia mtoni. Waliomba, na mfuko ukawapa msaada waliouhitaji, pamoja na glavu.

Glavu ile ilifumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko za buibui. Mchoraji aliivaa akichora, nayo ikajifunza uzito wa kidole chake, kasi yake, hata mahali alipositasita. Baada ya miezi kadhaa ilikuwa na kumbukumbu kamili, iliyoitwa Mkono, na Mkono uliweza kujaza picha ndogo ndogo zinazounganisha picha kubwa mbili, kazi iliyowahi kula miaka ya watu. Nakijwa aliukubali kwa hilo. Kila jioni alipitia ulichokifanya, akafuta, akarekebisha, akakubali. Lakini siku ya kwanza alipoivua glavu alimwambia Navoneiwa jambo moja, tena kwa upole. "Nikiwa sipo hapa kuutazama, usichore. Hata mstari mmoja."

Masika yaliyofuata Nakijwa alipatwa na kiharusi, sehemu ya mtoni ikiwa haijaanza. Upande wa kulia ulilala. Madaktari walisema yaliyopita yamebaki salama kichwani, ila mapya hayatashika; na kweli, kila asubuhi aliamka akidhani mvua za masika ndiyo kwanza zinaanza.

Navoneiwa alisubiri. Alikuwa akifungua chumba cha kazi, anafuta vumbi, anafunga. Siku moja aliuwasha Mkono, si kwa nia ya kufanya kazi, ila alitaka kuuona mstari wa rafiki yake ukitembea. Ulitembea. Ulisita pale pale Nakijwa alipozoea kusita, kwenye kiwiko na kwenye kope. Navoneiwa alilia, kisha akauelekeza kidogo, kisha akauelekeza zaidi. Aliikataa picha moja baada ya nyingine hadi mto ukawa mto. Kabla kiangazi hakijaisha, filamu ilikuwa na mwisho.

Angeweza kuifungia kabatini, na alikuwa amekusudia hivyo. Lakini alasiri moja Namsifu, binti yake Nakijwa, alimleta mama yake chumbani mle bila taarifa, na Nakijwa akaona kioo. Alisimama, ameegemea fimbo, akatazama bibi kizee akiingia majini. Uso wake ulifunguka.

"Hii nimeichora vizuri," alisema.

Navoneiwa hakumsahihisha. Jioni ile Nakijwa alikula akamaliza, na kesho yake, ingawa hakukumbuka alichokiona, alikubali mazoezi ya kutembea aliyokuwa akiyakataa. Namsifu akawa anamleta mara kwa mara. Kila mara ilikuwa mara ya kwanza, na kila mara furaha ile ile. "Mama mkubwa," Namsifu alimwambia Navoneiwa siku moja mlangoni, "ukimwambia, utakuwa umemwondolea kitu pekee alichobakiwa nacho." Na Navoneiwa, aliyetaka sana kushawishika, alishawishika. Akaituma filamu Kigali.

*

Nakijwa aliwasubiri sebuleni akiwa amevaa kitenge chake cha rangi ya machungwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umeushika wa kulia mapajani, kama mtu anavyomshika mtoto kanisani asicheze. Alimtambua Bi Kayitesi mara moja, maana walionana kabla ya maradhi, akamuuliza habari za watu wote waliokutana nao kwenye mkutano ule wa kwanza, kwa majina yao. Namsifu alileta chai. Bi Kayitesi aliweka mezani kinasa sauti kidogo, akaisema kanuni ya kiapo kama sheria ilivyotaka, kisha akapitisha picha za filamu hewani mbele yao, taratibu, kutoka ya kwanza.

"Mama Nakijwa, umezichora wewe?"

"Ndiyo. Zote." Nakijwa alitabasamu. "Ile ya mtoni ilinihangaisha. Maji yalikuwa hayataki kukaa. Nimeyarudia hadi vidole vikafa ganzi."

Alieleza alivyohangaika. Alieleza picha alizozitupa, na jinsi alivyogundua kwamba mwanga lazima utoke nyuma ya bibi, si mbele. Yote hayo Navoneiwa aliyajua, kwa kuwa ndiye aliyehangaika, peke yake, mbele ya mashine. Akili ya Nakijwa ilikuwa imelikuta shimo na kulifukia kwa udongo mzuri. Hapakuwa na uongo mle. Namsifu alikuwa akitazama sakafu.

"Nawe, kama mwongozaji," Bi Kayitesi alisema, akimgeukia, "unathibitisha?"

Lilikuwa neno moja tu. Akilisema, hakuna ambaye angeumia. Filamu ingeenda kwenye kumbi za dunia na jina la Nakijwa juu yake, na Nakijwa angebaki na fahari yake hadi mwisho. Navoneiwa alimtazama mwanamke yule aliyekuwa akitabasamu, akamwona na mwingine, yule aliyeivua glavu akasema usichore. Huyo hakuwa na mtu mwingine chumbani wa kumsemea.

"Naomba nizungumze na mwenzangu kwanza," alisema.

Alimsaidia kusimama, wakatoka barazani. Namsifu alitaka kuwafuata, mama yake akamwashiria abaki. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na bonde lilionekana nusu.

"Naki, ile ya mtoni hukuichora wewe."

Nakijwa alicheka. "Aliichora nani basi? Wewe?"

"Ni Mkono. Mimi nikiuongoza."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hospitali. Uliugua. Upande wako wa kulia umelala."

Nakijwa aliutazama mkono wake kana kwamba kuna mtu kamwekea pale. Alijaribu kuuinua. Navoneiwa aliona bega likitetemeka kwa juhudi, na mkono umetulia.

"Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Na sasa ni lini?"

"Vuli iko karibu."

Nakijwa akauliza kama hayo ameshaambiwa kabla, na Navoneiwa akamjibu kwamba habari ya ugonjwa ameambiwa mara nyingi, ila habari ya picha leo ndiyo mara ya kwanza.

"Nilikukataza," Nakijwa alisema.

"Ulinikataza."

"Kwa nini basi?"

Navoneiwa alikuwa ameandaa sababu nyingi usiku kucha, za filamu, za mfuko, za wanawake watakaokuja nyuma yao. Hakuna iliyokuja. "Nilikuwa na hamu na wewe," alisema. "Nilitaka kukuona ukichora."

Nakijwa alilia bila sauti, machozi yakishuka upande mmoja wa uso kwa kasi kuliko mwingine. Navoneiwa hakumfuta, aliona hana haki hiyo.

"Ni nzuri?" Nakijwa aliuliza hatimaye.

"Nzuri sana."

"Hapo ndipo inaponiuma." Alivuta pumzi, akaitafuta fimbo. "Twende tukamwambie sasa, kabla sijasahau nikaanza kukubishia."

*

Aliyesema ni Nakijwa mwenyewe. Alisema picha za kinyonga ni zake, na za bibi akishuka njia ya mtoni ni zake, lakini bibi alipotia mguu majini hapo si yeye tena. Bi Kayitesi alisikiliza hadi mwisho, kisha akakizima kinasa sauti. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kuchoka ghafla, kama mtu aliyevuliwa kitu alichokuwa amekivaa kwa furaha.

"Nililia pale mtoni," alimwambia Navoneiwa. "Nikadhani kuna mtu kalia kabla yangu."

"Nililia mimi, wakati naitengeneza."

"Basi kilio ni chako. Mstari si wako."

Alieleza bila kupaka sukari. Sehemu ile itakatwa. Mfuko utaweka jina lake kwenye kile tu ambacho Nakijwa alikichora au kukitazama. Filamu isiyo na mwisho haitaweza kwenda kwenye kumbi za dunia pamoja na nyingine mwaka ule. Kama Navoneiwa atasaidiwa tena, hilo wataamua wengine, na yeye hatawaficha aliyoyasikia. Navoneiwa alikubali yote. Kuhusu Mkono, sheria ilimwachia mchoraji mwenyewe aamue, na Nakijwa, ambaye mambo ya asubuhi ile yalikuwa bado hayajamtoroka kichwani, alisema uzimwe lakini usifutwe.

Kituoni, gari la waya likikaribia, Bi Kayitesi aliushika mkono wa Navoneiwa kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Alisema kwamba yeye pia aliwahi kuapishwa, zamani, alipokuwa mchoraji. Kisha akapanda.

Kesho yake Namsifu alimpigia simu mapema. Mama yake alikuwa ameamka mchangamfu na kuulizia glavu, wakamalizie sehemu ya mtoni. "Sasa utamwambia kila asubuhi?" Namsifu aliuliza, na sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu asiyelala. "Utamuua." Navoneiwa alimjibu kwamba hatamwonyesha tena picha zile, wala hatamwamsha kwa habari ambayo hakuitaka. Lakini akiuliza, atajibiwa.

Akaenda, na Nakijwa akauliza. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu Navoneiwa alijua lini "Tangu lini?" itakuja, akaiona ikija kama mtu anavyoona gari likiteleza kwenye utelezi. Alikaa naye mpaka ukungu ukapanda wote. Siku nyingine Nakijwa hakuuliza kitu, wakazungumza habari za mwalimu wa kemia, na alijua hata rangi ya tai yake. Namsifu alichukua muda kumsamehe. Alianza kwa kumwekea kikombe cha chai.

*

Filamu waliionyesha wenyewe, ukumbi wa kanisa, Jumapili baada ya ibada, madirisha yamefunikwa mashuka. Walikuja watu wa Usangi na wa milima ya jirani, na watoto wengi. Navoneiwa alikuwa amewaambia mapema kwamba haina mwisho, lakini hakuna aliyejali. Waliambiwa ni filamu ya binti wa Mshana, wakaja.

Kinyonga alitembea. Alisimama kutazama umande, akasimama kutazama nzi, na ukumbi ukamcheka na kumhurumia kwa pamoja. Kisha bibi kizee akatoka nyumbani, akamwaga maji ya kumwogeshea mtoto, akashuka njia ya mtoni, kiganja chake kikipapasa majani marefu. Alifika ukingoni. Ukuta wa kuonyeshea ukawa mweupe.

Navoneiwa alisimama mbele ya weupe ule. Maisha yake yote alikuwa amesimama nyuma ya picha za mtu mwingine, na sasa kivuli chake mwenyewe kilikuwa kimetanda ukutani. Alisimulia bibi alivyoingia majini. Alisimulia ngozi ikimtoka kama ganda la ndizi na kuchukuliwa na maji, na alivyorudi nyumbani na miguu myepesi, akiimba. Navoneiwa alipofika sehemu ya mtoto, alikwama. Akairudia sentensi ile ile, akakwama tena.

"Mtoto akamtazama," ilisema sauti kutoka benchi la mbele, "akalia."

Ilikuwa Nakijwa. Hakusimama. Alisimulia akiwa ameketi, polepole, kwa maneno yale yale ya mama wa visiwani, ambayo aliyasikia zamani za kutosha kubaki nayo. Alisema mama alimbembeleza mtoto, akamwimbia wimbo wake, na mtoto akazidi kulia, anamtaka mama yake. Mama akarudi mtoni. Ngozi ilikuwa imenaswa kwenye tawi. Ilikuwa imelowa, ya baridi, nzito. Akaivaa. Akarudi, na mtoto akanyamaza. "Ndiyo maana tunakufa," Nakijwa alisema. "Alijua, akaivaa."

Watu wakapiga makofi, na Nakijwa akageuka nyuma kuona anayepigiwa.

Wakirudi nyumbani, Nakijwa alichoka, wakaketi kwenye ukuta mfupi wa mawe kando ya njia. Watu waliwapita wakiwasalimu. Nakijwa alimuuliza filamu ile ilikuwa ya nani, na Navoneiwa akamwambia ni yao. Aliridhika. Baadaye akauliza ijayo ni ipi.

Navoneiwa hakuwa amewaza ijayo. Lakini alikumbuka kisa kimoja alichopewa Kigali na mama mmoja wa nchi za theluji, cha msichana aliyeolewa na upepo, akasema kipo hicho. Nakijwa akamwambia aanze. Akaanza, na hakufika mbali, maana Nakijwa alimkatiza kila sentensi, anataka kujua msichana amevaa nini, nyumba yao mlango uko upande gani, na huo upepo, ukiingia ndani, ni kitu gani kinachotikisika kwanza.